Kipimo cha malaria cha Nakivale: jinsi protini inavyochagua cha kushikana nacho

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, uamuzi wa kumpa mtoto mwenye homa dawa ya malaria, au kuendelea kutafuta chanzo kingine cha homa hiyo, mara nyingi hutegemea mstari mwekundu mwembamba unaojitokeza, au usiojitokeza, katika kidirisha cha kipande cha plastiki. Mstari huo huchorwa na protini. Makala haya yanaeleza jinsi protini hizo zinavyotambua kitu kimoja katikati ya maelfu ya vingine vilivyomo ndani ya tone la damu, kwa nini wakati mwingine hupotoka, na jinsi kimelea cha malaria chenyewe kinavyotumia ujuzi uleule kuingia katika miili yetu.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu waliopitia Nakivale wanakijua kipimo hicho hata kama hawajui jina lake. Kidole huchomwa, tone la damu hunyonywa, matone mawili au matatu ya dawa ya maji humiminwa upande wa pili, kisha mama na mtoto hukaa kwenye benchi wakisubiri. Wengine wamekutana nacho katika maduka ya dawa ya Ruti, kitongoji cha mji wa Mbarara, au mikononi mwa wahudumu wa afya wa vijiji ambao Uganda imewafundisha kupima na kutibu watoto karibu na nyumbani kwao. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini, kutegemea maelekezo ya aliyekitengeneza, jibu hupatikana bila umeme, bila hadubini na bila mtaalamu wa maabara.

Nakivale, iliyoko wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Ilianza mwaka 1958 kwa kuwapokea Wanyarwanda, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, na leo ni makao ya watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea, ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Jina lake limetokana na ziwa lililo kando yake. Ziwa hilo ni sehemu ya mfumo wa maziwa na vinamasi unaopokea maji ya Mto Rwizi, mto uleule unaokatiza mji wa Mbarara. Penye maji yaliyotuama pana mbu, na penye watu waliotoka pande nyingi za Afrika pana vimelea vya aina zaidi ya moja. Jambo hili la mwisho tutalirudia, kwa sababu lina uzito kwa wanaopimwa.

Mbarara nayo ina nafasi yake katika historia ya vipimo hivi. Tangu mwaka 1996, taasisi ya Epicentre, ambayo ni kitengo cha utafiti cha Madaktari Wasio na Mipaka, imekuwa na kituo mjini humo kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mwaka 2002 ilichapishwa tathmini ya vipimo vitano vya haraka iliyofanyika Uganda, wakati ambapo madaktari wengi bado walikuwa na shaka iwapo kipande cha karatasi kinaweza kushindana na jicho lililozoea hadubini. Mnamo 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Pendekezo hilo lisingetekelezeka vijijini bila vipimo hivi.

Mshikano wa vitu vingi dhaifu

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina za asidi amino zinazotumika ni ishirini tu, lakini mnyororo mmoja unaweza kuwa na mamia yake, na mpangilio wake ndio unaoamua mnyororo huo utajikunja vipi. Ukishajikunja, hupata umbo lenye vilima na mabonde, pembe zenye chaji chanya na nyingine zenye chaji hasi, sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia kama mafuta yanavyojitenga juu ya mchuzi.

Mwaka 1894 mkemia Mjerumani Emil Fischer alilinganisha mshikano wa namna hii na kufuli na ufunguo wake. Mfano huo umefundishwa shuleni kwa zaidi ya karne moja, na ni mzuri, ila una upungufu: kufuli ni chuma kigumu, protini si ngumu. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland alipendekeza kwamba protini hubadilika kidogo inapokutana na kile inachokishika, mithili ya glavu inayopata umbo la mkono unaoivaa. Leo wanasayansi wanaona kwamba yote mawili hutokea, na kwamba protini hutikisika muda wote, hata pale isipogusana na chochote.

Kuna mfano mwingine ambao kwa maoni yangu unaifaa Afrika Mashariki zaidi ya kufuli. Aliyetembea kwenye majani ya kando ya njia anaifahamu mbegu ya kishona nguo. Kijino kimoja cha mbegu hiyo hakina nguvu yoyote ya maana, lakini vijino vingi vikishika kwa pamoja, suruali hurudi nyumbani imejaa. Protini hushikana vivyo hivyo. Hakuna gundi wala msumari. Kuna mvuto mdogo kati ya chaji chanya na hasi, kuna vifungo vya haidrojeni, kuna sehemu zinazokimbia maji ambazo hukutana na kujificha pamoja, na kuna mvutano hafifu sana unaotokea pale atomu mbili zinapokaribiana mno. Kila kimoja kinaweza kukatika kwa urahisi kutokana na mtikisiko wa kawaida wa joto la mwili. Vikiwa kumi au ishirini kwa wakati mmoja, huweza kudumu kwa saa kadhaa.

Hapo ndipo mfano wa kishona nguo unapoishia, maana mbegu hiyo hushika nguo yoyote. Uteuzi wa protini hutokana na ukaribu. Nguvu hizi zote hufanya kazi katika umbali mfupi sana, kwa hiyo ili ziungane nyingi kwa pamoja ni lazima nyuso mbili zilingane: penye kilima pawe na bonde, penye chanya pawe na hasi. Mgeni asiyelingana hugusa sehemu mbili tatu, kisha maji na joto humng'oa mara moja. Molekuli zote ndani ya damu hugongana kila mara, wala hakuna anayezizuia zisigusane. Inayolingana ndiyo hubaki.

Kimelea kinachoacha alama

Kimelea kinachosababisha zaidi ya asilimia 90 ya malaria nchini Uganda ni Plasmodium falciparum. Kikiwa ndani ya seli nyekundu ya damu hutengeneza protini inayoitwa HRP2 na kuimwaga kwa wingi katika majimaji ya damu, hasa pale seli inapopasuka baada ya takriban saa 48. Protini hii ni ya ajabu kidogo. Karibu theluthi ya asidi amino zake ni za aina moja, histidini, na sehemu kubwa ya mnyororo wake ni maneno mafupi ya histidini na alanini yanayorudiwa tena na tena, kama mtu anayesoma shanga za tasbihi. Mwili wa binadamu hauna protini inayofanana nayo.

Kwa mtengenezaji wa kipimo, sifa hizo ni zawadi. Protini isiyo na mfano wake kwa binadamu haitachanganywa kirahisi na nyingine, na kwa kuwa maneno yake yanajirudia, molekuli moja inaweza kushikwa na mikono mingi kwa wakati mmoja.

Mikono hiyo ni kingamwili. Kila kingamwili ina umbo la herufi Y, na kwenye ncha ya kila mkono kuna vitanzi sita vidogo vya mnyororo wa protini. Vitanzi hivyo ndivyo hutofautisha kingamwili moja na nyingine. Sehemu iliyobaki hufanana sana. Mwili hutengeneza kingamwili za maumbo yasiyohesabika kabla hata haujakutana na adui, kisha huzidisha zile zilizobahatika kulingana naye. Ugumu wa zamani ulikuwa kupata aina moja tu ya kingamwili, kwa wingi, na iliyo ileile kila siku. Georges Köhler na César Milstein walilitatua mwaka 1975 mjini Cambridge, Uingereza, kwa kuunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1984. Vipimo vya malaria na vya ujauzito vinavyouzwa katika duka la dawa vina deni kwa kazi hiyo.

Safari ya tone moja

Tone la damu linalohitajika ni dogo, kwa kawaida maikrolita tano. Dawa ya maji hupasua seli nyekundu na kuachilia kilichomo, kisha mchanganyiko huanza kupanda kwenye ukanda wa karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Njiani hukutana na kingamwili zilizobandikwa juu ya chembe za dhahabu zenye kipenyo cha kati ya nanomita 20 na 40. Dhahabu iliyogawanywa kuwa chembe ndogo kiasi hicho haing'ai manjano tena, huonekana nyekundu. Rangi ya mstari anaousoma muuguzi wa Nakivale, kwa hiyo, ni rangi ya dhahabu.

Ikiwa HRP2 imo, kingamwili zenye dhahabu huishika. Mzigo huo huendelea kupanda mpaka kwenye mstari usioonekana ambapo kingamwili nyingine, zisizo na dhahabu, zimegandishwa zikisubiri. Hizo nazo huishika HRP2 kwa upande mwingine. Protini ya kimelea hunaswa katikati, dhahabu hujikusanya, na mstari hujitokeza. Ikiwa HRP2 haimo, dhahabu hupita bila kusimama. Mbele zaidi upo mstari wa pili, ule wa udhibiti, wenye kingamwili zinazozishika kingamwili zenyewe zenye dhahabu. Huu unapaswa kuonekana kila mara. Usipoonekana, kipimo kimeharibika na jibu lake halina maana, hata kama mstari wa kwanza umetokea. Mstari wa udhibiti huthibitisha tu kwamba maji yamepanda na kwamba kingamwili za dhahabu bado zinashika. Hauthibitishi kwamba damu ilitiwa ya kutosha.

Ili kuona ukubwa wa kazi hii, fikiria kwamba katika lita moja ya utegili, yaani majimaji ya damu, mna gramu 35 hadi 50 za protini iitwayo albumini. HRP2 ya mgonjwa hupimwa kwa nanogramu, na nanogramu moja ni sehemu ya bilioni ya gramu. Kingamwili hupita katikati ya umati huo wa albumini bila kushikana nayo.

Kuna upande wa pili ambao huzungumzwa mara chache, nao ni karatasi yenyewe. Ukanda huo hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo hushika protini karibu zote bila kuchagua. Sifa hiyo inafaa wakati wa kugandisha mstari wa kingamwili, lakini ikiachwa ilivyo, ukanda mzima ungemeza dhahabu na kuwa mwekundu. Watengenezaji huufunika kwanza kwa protini isiyo na kazi, mara nyingi albumini ya ng'ombe, au kazeini, ambayo ni protini kuu ya maziwa. Protini hizo hukalia kila nafasi iliyo wazi, na zinazofuata hukosa pa kukaa.

Watu wa Mbarara, mji ulio katikati ya nchi ya ng'ombe wa Ankole, wamekuwa wakiuona upande huo wa protini tangu zamani. Maziwa yakichemshwa katika sufuria, mojawapo ya protini zake huanza kufunguka joto linapopita takriban nyuzi 70, na sehemu zake zinazokimbia maji, ambazo zilikuwa zimefichwa ndani, hutoka nje na kung'ang'ania chuma cha moto. Utando mgumu unaobaki chini ya sufuria umetokana na hilo. Viwanda vya maziwa hupambana na tatizo lilelile ndani ya mabomba yao na hulazimika kuyasafisha kwa kemikali kali kila siku. Protini iliyofunguka haichagui tena. Hushika lolote lililo karibu.

Joto hufanya hivyo hivyo kwa kipimo cha malaria. Vipimo vingi vina kikomo cha kuhifadhiwa cha nyuzi 30 au 40 za Sentigredi, kilichoandikwa kwenye boksi. Mbarara iko juu ya miinuko na hali yake ya hewa ni ya wastani, lakini chini ya bati la ghala mchana wa kiangazi, au ndani ya sanduku lililofungwa nyuma ya pikipiki juani, joto huweza kupita hapo. Kingamwili ikifunguka hairudi katika umbo lake, kama yai lililochemshwa lisivyorudi kuwa ute. Unyevu nao huharibu, na ndiyo sababu kila kipimo hufungwa katika pakiti yenye kifuko kidogo cha kunyonya maji. Pakiti iliyofunguliwa asubuhi haifai kutumiwa jioni. Vilevile kipimo kikisomwa mapema kuliko muda ulioandikwa, mstari hafifu unaweza kuwa haujajitokeza. Kikiachwa mezani kwa saa nyingi, mstari wa uongo unaweza kutokea ukanda unapokauka.

Jibu sahihi kwa swali jingine

Hata hivyo, makosa yenye matatizo zaidi ni yale ambayo protini hazikukosea. Kingamwili huulizwa iwapo HRP2 imo, nayo hujibu kwa uaminifu. Sisi ndio tunaotafsiri jibu hilo kuwa mtu ana malaria au hana.

Chukua mfano wa mtoto aliyetibiwa akapona, kisha homa ikarudi baada ya wiki mbili. Dawa mseto imeua vimelea vyote ndani ya siku chache, lakini HRP2 huendelea kuzunguka katika damu kwa wiki kadhaa, na utafiti uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba huweza kupita mwezi mmoja. Kipimo kitasema ndiyo. Mama ataambiwa malaria imerudi, mtoto atapewa dawa tena, na nimonia au homa ya matumbo ambayo huenda ndiyo inayomsumbua itapewa siku kadhaa za kukomaa. Katika hali kama hiyo mgonjwa anahitaji hadubini, au kipimo kinachotafuta protini nyingine ya kimelea iitwayo pLDH, ambayo hutoweka upesi zaidi vimelea vinapokufa. Mzazi anayemwambia muuguzi tarehe ya matibabu ya mwisho anampa taarifa ambayo ukanda wa karatasi hauwezi kuitoa.

Udumifu huo wa HRP2 una faida pia. Vimelea vya falciparum vilivyokomaa hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya damu na kujificha humo, hivyo damu ya kidole inaweza kuonekana safi chini ya hadubini ilhali mgonjwa yuko hatarini. Protini iliyomwagwa haijifichi.

Upande wa pili, kuna vimelea visivyo na HRP2 kabisa. Vilitambuliwa kwanza nchini Peru, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2010: vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo, vikaendelea kuishi vizuri bila hiyo. Kipimo kikisema hapana na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila dawa, kimelea chake huokoka na kuenezwa na mbu. Hivyo kipimo chenyewe huviteua visivyoonekana. Eritrea iliathirika kiasi kwamba mwaka 2016 ilibadilisha aina ya vipimo vyake. Vimelea vya namna hiyo vimeripotiwa pia Ethiopia, na mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa vipo nchini Uganda.

Halafu kuna Plasmodium vivax, ambayo haitengenezi HRP2. Ni nadra miongoni mwa wenyeji wa Uganda, lakini ni ya kawaida katika maeneo mengi ya Ethiopia na Eritrea, nchi ambazo watu wake nao wako Nakivale. Mtu aliyewasili kutoka huko akiwa na homa, akapimwa kwa kipimo kinachotafuta HRP2 pekee, anaweza kuambiwa hana malaria ilhali anayo. Kipimo chenye mstari wa ziada wa pLDH ya aina zote humfaa zaidi.

Kimelea nacho kinashika

Kwa nini vivax ni nadra Uganda? Jibu ni uteuzi wa protini tena, safari hii kwa upande wa adui. Ili kuingia katika seli nyekundu, vivax hutumia protini inayoshikana na kitasa kilicho juu ya seli, kiitwacho Duffy. Mnamo 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na kitasa hicho kwenye seli zao nyekundu hukingwa dhidi ya vivax. Kwa Waafrika walio wengi wa mashariki, kati na magharibi, badiliko la herufi moja tu ya jeni limezuia kitasa hicho kisitengenezwe katika seli nyekundu, huku sehemu nyingine za mwili zikiendelea kukitengeneza. Kinga hiyo si kamili. Maambukizi machache yamethibitishwa Ethiopia na Madagaska kwa watu wasio na Duffy.

Falciparum huingia kwa njia nyingine. Hutumia protini RH5, ambayo hushikana na protini ya seli nyekundu iitwayo basijini. Uhusiano huo ulitangazwa mwaka 2011, na hadi sasa ndiyo hatua ambayo kila aina ya falciparum iliyochunguzwa imeonekana haiwezi kuiruka. Kimelea hiki kilitoka kwa sokwe wakubwa, yaani masokwe-magila wa Afrika ya magharibi ya kati, si wale wa Bwindi wanaotembelewa na watalii karibu na Mbarara. Mabadiliko machache ya asidi amino ndani ya RH5 yanadhaniwa kuwa yalichangia kukipa uwezo wa kuishika basijini ya binadamu. Chanjo inayolenga RH5 imefanyiwa majaribio ya awali Bagamoyo, Tanzania. Chanjo ya R21, ambayo Uganda ilianza kuitoa kwa watoto wachanga mwaka 2025, hulenga protini ya hatua ya mapema zaidi, wakati kimelea kinapotoka kwa mbu kuelekea ini.

Mshikano wenye madhara makubwa kwa familia unatokea katika ujauzito. Mwanamke aliyekulia mahali penye malaria huwa amejijengea kinga, kisha akipata mimba ya kwanza huugua kama mgeni. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mimba hulegeza kinga ya mwili kwa jumla. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo ya nyuma ya wanawake wa Kisumu, Kenya, walitoa maelezo tofauti: vimelea vilivyokuwa katika kondo vilishikana na sukari ndefu iitwayo kondroitini salfeti A, ambayo vimelea vya watu wengine kwa kawaida haviishiki. Kondo ni uso mpya mwilini, na kimelea kina protini maalumu ya kuushika, iliyotambuliwa mwaka 2003 na kupewa jina VAR2CSA. Mwanamke wa mimba ya kwanza hana kingamwili dhidi yake kwa sababu hajawahi kuwa na kondo. Mimba zinazofuata humkuta ameanza kuwa nazo. Wanaume wa kijiji hichohicho kwa kawaida hawana kabisa.

Vimelea vikijazana katika kondo, mama hupungukiwa damu na mtoto huzaliwa na uzito mdogo, wakati mwingine bila mama kuhisi homa yoyote. Ndiyo maana wajawazito hupewa dawa za kuzuia malaria kliniki hata wanapojiona wazima, na ndiyo maana jaribio la Epicentre lililofanyika Mbarara na kuchapishwa mwaka 2010 lilikuwa na umuhimu: lilionyesha kuwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini haikuwa duni kuliko kwinini kwa wajawazito, na ilivumilika vizuri zaidi. Chanjo mbili zinazolenga VAR2CSA zimefikia majaribio ya awali kwa binadamu, yakiwamo ya Benin na Burkina Faso.

Kwa wasomaji walioondoka Nakivale na kuhamia nchi zisizo na malaria, jambo moja linafaa kuongezwa. Kinga ya malaria hudumishwa na kuumwa na mbu mara kwa mara. Miaka michache ughaibuni huipunguza sana, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Anayekwenda kuwasalimu ndugu Isingiro, Goma au Bujumbura anahitaji dawa ya kinga na chandarua kama mtalii yeyote. Akirudi, homa yoyote ni ya kupimwa siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kuhusu safari kabla hajauliza. Kwa waliopitia Ethiopia au Eritrea muda huenda mbali zaidi, kwa kuwa vivax hulala ndani ya ini na kuamka baada ya miezi, mara nyingine miaka. Daktari atahitaji kujua si safari ya mwezi uliopita tu, bali pia mahali ulipoishi kabla ya kuhamia ulipo sasa.